Furu wekundu, furu wa bluu: ni samaki mmoja au wengi?

Mama mmoja anayenunua furu na dagaa katika mwalo wa Igombe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, ameniandikia swali ambalo nimeona lijibiwe kwa kirefu. Anasema mwanawe wa kidato cha nne amerudi nyumbani na somo la bayoanuwai na urithi, akadai kwamba furu si samaki mmoja bali ni mamia ya spishi. Mama mwenyewe ameanika furu tangu utotoni. Katika beseni moja huona wekundu, wa bluu na wengi wa kijivu wasio na rangi ya kutajika, na siku zote amewahesabu wote kuwa ni furu tu. Anauliza mambo matatu: kama rangi hizo ni za dume na jike au ni za aina mbalimbali, aina hizo zikipandana zinazaa nini, na kwa nini bibi yake alizoea kusema kwamba furu wa zamani walikuwa na rangi kali kuliko wa leo.

Mama, pokea salamu zangu. Nianze na jibu fupi, halafu nilieleze. Kuhusu wingi wa spishi mwanao amesema kweli: furu wa Ziwa Victoria wanakadiriwa kufikia spishi 500 hivi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wale wa kijivu unaowaona ni majike kwa sehemu kubwa, pamoja na madume wachanga. Wekundu na wa bluu wote ni madume, lakini mara nyingi si madume wa spishi moja. Wakipandana na majike wa spishi ya jirani, huzaa watoto wazima ambao nao wanaweza kuzaa, na hapo ndipo penye ugumu wa suala zima. Ama bibi yako, hakuwa akitia chumvi.

Tuanze na jinsi ya kumtambua dume. Mchukue furu mwenye rangi, aliyetoka majini muda huohuo, umgeuze utazame pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Utaona madoa ya mviringo, ya njano au ya rangi ya chungwa, yenye ukubwa na rangi inayokaribia sana yai la furu. Jike anaweza kuwa na madoa hafifu mahali hapohapo, lakini ya dume hayafichiki. Madoa hayo yana kazi katika uzazi. Dume hulinda eneo lake kwenye mawe au mchangani, humwita jike kwa kutikisa mwili na kutandaza mapezi, na jike akiridhika hutaga mayai machache, kisha hugeuka papo hapo na kuyachukua kinywani. Dume naye hulitandaza pezi lake mbele ya jike, jike hulidonoa kana kwamba kuna mayai aliyoyaacha, na katika kudonoa huko huvuta maji yenye mbegu za kiume. Mayai, basi, hurutubishwa ndani ya kinywa cha mama.

Baada ya hapo dume hana kazi tena na watoto. Jike hukaa na mayai kinywani, kisha na vifaranga vilivyoanguliwa, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, akila kidogo sana au asile kabisa. Nina hakika umewahi kumwona furu wa kijivu mwenye koo lililovimba ambaye, akitupwa kwenye beseni, hutema vipunje vya njano au visamaki vidogo vyenye macho makubwa kuliko mwili. Wengi mwaloni hudhani amemeza mayai ya wenzake, kumbe ni watoto wake mwenyewe. (Lakini wapo kweli furu wanaoishi kwa mayai na vifaranga vya wengine, na baadhi yao humgonga mama mdomoni mpaka ateme, wakala alichotema. Katika ziwa hili karibu kila riziki imepata mwenyewe.)

Jike wa aina hii, anayebeba makumi machache tu ya watoto na kufunga kwa wiki kadhaa kwa ajili yao, ana mengi ya kupoteza akikosea kuchagua baba. Dume hupoteza dakika chache. Kwa hiyo ni majike ndio wanaochagua, na madume ndio wanaojipamba ili wachaguliwe. Rangi kali ina gharama yake, kwa kuwa mnandi na mdiria humwona dume mwekundu kwa urahisi kuliko jike wa kijivu. Jike anayebeba watoto hana sababu ya kujitangaza, na ndiyo maana majike wa spishi mbili tofauti wanaweza kufanana kiasi kwamba hata mtaalamu hulazimika kuwatazama kwa makini ili kuwatofautisha.

Sasa nije kwenye neno spishi. Maelezo yanayofundishwa zaidi shuleni, ambayo Ernst Mayr aliyaeneza kuanzia mwaka 1942, yanasema kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao katika mazingira yao halisi, na ambao hawazaliani na makundi mengine. Zingatia maneno «mazingira yao halisi», kwa sababu kwa furu ndiyo yenye uzito wote. Katika Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani wamo furu wawili wanaoishi kwenye miamba, ambao wamechunguzwa kuliko karibu furu wengine wote. Mmoja dume wake ni wa bluu, anaitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia. Wa pili dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi ya wima, anaitwa Pundamilia nyererei, jina alilopewa na watafiti Waholanzi mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Hawa wawili huishi kwenye mawe yaleyale, wakitofautiana kidogo katika kina, na maumbo yao yanafanana sana. Inawezekana kabisa kwamba wekundu na wa bluu wa beseni lako ni hawa, ingawa spishi zenye madume wekundu na wa bluu ni nyingi na siwezi kuwapa majina bila kuwaona.

Rangi pekee, hata hivyo, haitoshi kumtenga furu mmoja na mwingine, na kwa mtu anayepasua samaki kila siku ipo njia nzuri zaidi. Furu, kama sato, ana taya la pili kooni. Ukimkata furu nyuma ya matamvua utapata mifupa midogo yenye meno, ambayo kazi yake ni kusaga au kupasua chakula kilichokwisha kushikwa na taya la mbele. Kwa anayekula konokono mfupa huo ni mnene na meno yake ni butu, kama magego. Kwa anayekula vijidudu vinavyoelea majini mfupa ni mwembamba na meno ni membamba mno. Anayekwangua mwani kwenye mawe amejaliwa meno ya mbele yaliyopangika kwa safu nyingi, tofauti na yule anayekula samaki wenzake. Mwanao akikusanya mataya ya furu kutoka beseni moja na kuyapanga juu ya karatasi nyeupe, ataiona bayoanuwai kwa macho yake kuliko atakavyoisoma kwenye kitabu chochote.

Tofauti hizi za taya na za rangi hurithiwa. Furu kwa kawaida ana kromosomu 44 katika kila seli ya mwili, 22 kutoka kwa baba na 22 kutoka kwa mama, na juu ya kromosomu hizo ndipo zilipo jeni. Jike wa kijivu naye amebeba jeni za rangi ya madume wa spishi yake, ingawa yeye mwenyewe haionyeshi, na huwapitishia wanawe wa kiume sawasawa na baba yao. Jambo hili wanafunzi wengi hulikosa kwenye mtihani: sifa inaweza kurithiwa kutoka kwa mzazi ambaye hakuwa nayo kwa nje. Ipo pia rangi inayokwenda pamoja na jinsia kwa namna nyingine. Baadhi ya furu wana mabaka meusi yaliyotapakaa juu ya rangi ya chungwa, na karibu wote wenye mabaka hayo ni majike, kwa sababu jeni ya mabaka iko karibu na jeni zinazoamua jinsia kwenye kromosomu ileile, hivyo hurithiwa pamoja.

Watafiti wamewapandisha mwekundu na wa bluu katika matangi. Watoto wa kizazi cha kwanza ni wazima na wanazaa, tofauti na nyumbu wa farasi na punda ambaye kwa kawaida ni tasa. Wakizalishwa wao kwa wao, watoto wa kizazi cha pili hutawanyika: wengine wanamkaribia babu mwekundu, wengine babu wa bluu, na wengine wapo katikati. Gregor Mendel, aliyechapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866, angeutambua mpangilio huo mara moja, isipokuwa kwamba hapa rangi haiamuliwi na jeni moja bali na jeni kadhaa, ingawa si nyingi. La kushangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hata upendeleo wa jike hurithiwa. Jike wa ukoo mwekundu humfuata dume mwekundu, na jike wa ukoo wa bluu humfuata wa bluu, lakini majike machotara hawana msimamo huo, na katika kizazi cha pili upendeleo nao hutawanyika kama rangi ilivyotawanyika.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba kinachowatenga furu hawa wawili si utasa wala umbali, bali ni chaguo la jike, na chaguo hilo linategemea kuona. Kuona nako kunategemea mwanga. Maji ya ziwa letu, yenye mwani na chembe za udongo, humeza kwanza mwanga wa bluu, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea kwenye njano na wekundu. Mahali ambapo maji ni maangavu kiasi, kama kwenye kisiwa cha Makobe kilicho nje ya Ghuba ya Mwanza, wa bluu hukaa karibu na uso wa maji na mwekundu hukaa chini zaidi. Macho yao pia yametofautiana, kwa kuwa jeni inayotengeneza kipokezi cha mwanga mwekundu ipo kwa nakala mbili, na nakala inayofaa kuona kwenye mwanga wa kina ndiyo iliyoenea kwa furu mwekundu. Jike anayeona vizuri wekundu, akiishi mahali penye mwanga mwekundu, humwona dume mwekundu kuwa ndiye anayeng'aa.

Ingia sasa ndani ya ghuba, kuelekea kusini, ambako maji huzidi kuwa mazito. Ukifika kisiwa cha Luanso, karibu na mwisho wa ghuba, hukuti tena makundi mawili. Unakuta kundi moja lenye madume wa rangi za kati zilizofifia. Jaribio la tangini lilionyesha sababu. Chini ya mwanga mweupe majike waliwachagua madume wa spishi yao, lakini chini ya mwanga wa chungwa pekee, ambamo bluu na nyekundu hazitofautishiki, waliwakubali wa upande wowote. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa maeneo haya, wakionyesha kwamba mahali ambapo maji yamechafuka zaidi, spishi za furu ni chache na rangi za madume zimepoa.

Hilo ndilo jibu la bibi yako. Maji ya ziwa hupimwa wangavu wake kwa kushusha sahani nyeupe na kuangalia inapotelea kwenye kina gani. Katika miaka ya 1920 sahani hiyo ilionekana hadi zaidi ya mita 5 kwenye maji ya wazi. Kufikia miaka ya 1990 sehemu nyingi haikuonekana kupita mita 1 hadi 3. Udongo wa mashamba, majitaka ya miji na rutuba nyingine inayoingia ziwani vimelisha mwani, na mwani umeleta kiza. Dume mwenye rangi kali anayeishi gizani hubeba gharama ya rangi bila faida yake, na jike asiyeweza kuitofautisha rangi hana sababu ya kuidai. Vizazi vikipita, jeni za rangi kali hupungua na za rangi hafifu huongezeka. Bibi aliwaona furu wa maji mengine, ingawa ni katika ziwa lilelile.

Nisingependa, lakini, uondoke na wazo kwamba uchotara wenyewe ndio ubaya. Mashapo yaliyochimbwa kwenye kitako cha ziwa yanaonyesha kwamba karibu miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa hata leo ni mita 80 hivi tu, lilikuwa limekauka. Mamia ya spishi tunazozizungumza yamejitenga katika muda mfupi ambao wanabiolojia kwa miaka mingi walishindwa kuueleza. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulitoa sehemu kubwa ya ufumbuzi: furu wa ukanda huu wametokana na koo mbili za kale, moja ya upande wa mto Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilizokutana na kuchanganyika. Mchanganyiko huo uliwapa machotara wa kwanza akiba kubwa ya jeni tofauti, zikiwemo zile nakala mbili za jeni ya macho niliyoitaja, na ziwa lilipojaa upya kulikuwa na mawe, mchanga, matete na vina vya kila namna visivyo na mwenyewe. Uchotara wa wakati ule ulikutana na nafasi nyingi tupu. Wa leo unatokea kwa sababu nafasi zenyewe zinafutika, na matokeo yake ni kundi moja mahali palipokuwa na mawili.

Sangara nimtaje kwa ufupi, maana habari zake zinajulikana kando yote ya ziwa. Alipandikizwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi yake ikalipuka katika miaka ya 1980. Kabla yake furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini waliovuliwa kwa nyavu za kukokota katika utafiti wa ziwa zima. Baada yake inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka. Uzazi unaeleza sehemu ya balaa hilo: jike wa sangara hutaga mayai kwa mamilioni, wakati furu anabeba makumi kinywani. Wale wa kwenye miamba, kama hao wawili wetu, waliokolewa na mapango yao. Baadhi ya wale wa maji ya wazi walirudi katika miaka ya 1990 sangara walipovuliwa kupita kiasi, na mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alirudi akiwa na matamvua yenye eneo kubwa kuliko ya mababu zake, jambo linalomfaa samaki wa maji yenye hewa pungufu.

Ama kwa mwanao, yapo mambo mawili ya kumwonya kabla hajaanza kuandika anachokiona kwenye beseni lako. Kwanza, si kila tofauti ni ya kurithi. Dume aliyeshindwa kulinda eneo lake hufifia rangi hata awe mtoto wa dume mwekundu kuliko wote, na akipata eneo rangi hurudi. Vivyo hivyo sato waliobanana kwenye bwawa hudumaa, mwenye bwawa akalaumu mbegu kumbe ni msongamano na chakula. Pili, samaki akishakufa rangi huondoka upesi, kwa hiyo furu aliyekaa juani tangu alfajiri hamwambii mtu lolote kuhusu spishi yake. Awahi mtumbwi unapotia nanga, awachague walio hai, aandike rangi ya mgongo, ubavu na mapezi kila moja peke yake, ahesabu madoa ya pezi la chini, ndipo apasue koo atazame taya. Akimkuta jike mwenye koo lililovimba ambaye bado anahema, amrudishe majini bila kumbana kinywa.